Mwongozo wa Kutembelea Kanisa Kuu la Ukumbusho, Mombasa

Kila Desemba jamaa zangu wakishuka kutoka bara, swali la kwanza tukipita Nkrumah Road ni lile lile: "Hili jengo lenye kuba ni msikiti au kanisa?" Nikishajibu kwamba ni kanisa, tena kanisa kuu la Waanglikana, mengine huja kwa mkururo. Asiye Mkristo anaingia? Kuna kiingilio? Nivae nini? Picha je? Marafiki zangu wa Mji wa Kale, waliozaliwa na kukulia hatua chache kutoka hapo, nao huniuliza hayo hayo, maana wamelipita maisha yao yote bila kuvuka geti.

Nimeyajibu maswali haya kwa simu, nimeyajibu ndani ya matatu, nimeyajibu nikiwa nimesimama juani. Sasa nayaandika. Mimi si mwelekezi wa watalii wala si mhudumu wa kanisa. Ni mkaazi wa Kisauni ambaye amewapeleka watu pale mara nyingi, na ninalipenda jengo lile. Nitakuomba jambo moja tu tangu mwanzo: usilifanye kituo cha dakika tano ukielekea Fort Jesus. Lipe saa nzima ya peke yake.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

Muda wa saa moja na nusu, ukihesabu na kutembea. Ukitaka kuunganisha na kanisa kuu la Wakatoliki lililo barabara hiyo hiyo, tenga saa mbili na nusu.

Mavazi ya heshima. Magoti na mabega yafunikwe, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Kaptura ya kuendea pwani iache hotelini.

Leso moja, yaani kanga, hata kama umevaa vizuri. Leso ndiyo mkoba wa dharura wa mwanamke wa pwani: utajifunga kiunoni sketi ikiwa fupi, utamfunika mtoto akilala, utapangusia jasho, utaitandika kwenye benchi. Wanaume nao wabebe; sijaona aliyejuta.

Noti ndogo kwa ajili ya sadaka. Chupa ya maji, lakini ya kunywea nje. Simu yenye chaji, sauti imezimwa kabisa, si ya kutetemeka. Mkoba uwe mdogo, kwa sababu getini unaweza kukaguliwa, na begi kubwa la safari litakuchelewesha wewe na walio nyuma yako.

Mwisho, karatasi yenye majina manne na tarehe zake: James Hannington, askofu aliyeuawa 1885. Henry Perrott Parker, askofu aliyemfuata, aliyekufa 1888. William George Peel, askofu wa kwanza wa Mombasa, 1899. John Houston Sinclair, msanifu wa jengo. Ukiingia bila majina haya utaona kuta tu. Ukiwa nayo, kuta zitakuwa na watu.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Nenda siku ya kazi, Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi kati ya saa tatu na saa tano. Jua halijawa kali, barabara imeshapungua msongamano wa watu wa ofisi, na kanisa kwa kawaida limetulia.

Jumapili ni siku ya ibada. Ukitaka kusali, karibu sana, lakini basi kaa usali hadi mwisho. Usije Jumapili kutazama dari watu wakiwa wamepiga magoti.

Jumamosi iepuke. Ni siku ya harusi. Mara ya kwanza niliwapeleka wapwa zangu watatu Jumamosi asubuhi bila kuuliza mtu. Tukakuta magari ya maharusi yamejaa, kwaya inaimba, mabinti waliovaa sare za harusi wamepanga foleni mlangoni. Tulisimama nje karibu saa mbili juani, mdogo wao akaanza kulia, nikawarudisha nyumbani hawajaona hata ubao mmoja. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi napita siku moja kabla kuuliza, au namwomba mtu anayesali pale aniulizie.

Kuhusu majira: miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, joto la mchana ni kali na hewa ni nzito. Wakati wa kusi mwili unapumua. Masika, yaani Aprili na Mei, beba mwavuli, na ujue barabara za kisiwani hujaa maji upesi mvua ikinyesha kwa kishindo.

Hatua ya 2: Fika kwenye kanisa ulilokusudia

Hapa ndipo wengi hupotea. Nkrumah Road ina makanisa makuu mawili: la Ukumbusho, ambalo ni la Kianglikana, na la Roho Mtakatifu, ambalo ni la Kikatoliki. Ukimwambia dereva wa tuktuk "nipeleke kathedro" atakupeleka lile analolijua yeye. Mwambie "Memorial, la Anglikana, lenye kuba." Neno kuba ndilo litakalokuokoa.

Ukitoka Nyali, Bamburi au Kisauni, panda matatu inayoingia mjini ushuke Posta, Digo Road. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Ukitoka Likoni, vuka feri, kisha panda matatu au tuktuk ya kuelekea mjini. Ukija kwa treni ya SGR utashuka Miritini, mbali na kisiwa, kwa hiyo hesabu muda wa safari nyingine kabla hujaahidiana na mtu saa fulani.

Nkrumah Road inaunganisha Digo Road na upande wa Treasury Square na Fort Jesus, basi ukishaiingia huwezi kupotea mbali. Kama una gari lako, maegesho ya barabarani yanalipiwa kwa kaunti. Mimi huwashauri watu waliache gari nyumbani.

Patana bei na tuktuk kabla hujakaa. Ukishakaa umekubali.

Hatua ya 3: Usiingie kwanza. Simama ng'ambo ya barabara

Ningeweza kukupunguzia mwongozo huu wote nikakuachia hatua hii peke yake. Watu wengi hushuka, huingia, hutazama, hutoka, na hawajaliona jengo. Vuka barabara usimame upande wa pili, penye kivuli, dakika kumi.

Tazama kuba. Tazama matao. Tazama madirisha marefu membamba. Sasa jiulize ungelisema nini kama usingeliona msalaba. Ungesema msikiti, na hungekuwa na kosa la macho. Sinclair alilichora hivyo kwa kukusudia. Ujenzi ulianza 1903 na kanisa likakamilika 1905, katika mji ambao watu wake wengi walikuwa Waislamu na ambao mafundi wake walikuwa wamezoea matao na kuba kwa karne nyingi. Badala ya kuleta mnara mrefu uliochongoka kama wa vijiji vya Uingereza, msanifu alichukua sura ya pwani akaivika msalaba. Unguja nako aliacha mkono huo huo: Mahakama Kuu ya pale ni kazi yake, na Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1925, nalo ni lake. Aliyewahi kufika Unguja akiliona kanisa letu hujihisi anamkuta ndugu wa majengo yale.

Tao refu na dirisha refu vina kazi pia. Joto hupanda. Chini ya kuba hewa ya moto hupata pa kwenda, na upepo wa baharini hupata pa kupenya. Utalihisi hili kwa ngozi yako hatua ya tano.

Ukiwa umesimama hapo, kama ni karibu na adhuhuri, huenda ukasikia adhana kutoka misikiti ya jirani. Msikiti wa Mandhry ulioko Mji wa Kale umekuwapo tangu miaka ya 1570 hivi. Nikiwa na wageni huwaomba wanyamaze hadi adhana ikatike. Jengo lile na sauti ile vimekaa pamoja zaidi ya miaka mia moja, na anayetaka kuielewa Mombasa aanzie hapo hapo, kwenye ukingo wa barabara.

Tahadhari: usirudi nyuma nyuma barabarani ukitafuta picha nzuri. Bodaboda za Nkrumah Road hazipigi honi mara mbili.

Hatua ya 4: Piga hodi

Getini salimu kwanza, swali baadaye. Ukianza na "Naweza kuingia?" umemnyima mtu haki yake ya salamu. Sema hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari ya kwenu?"

"Njema. Tumekuja kulitazama kanisa, tunaomba ruhusa. Hakuna ibada sasa hivi?"

Hapo utaambiwa ukweli: ingieni, au subirini kuna mazishi, au rudini kesho. Kubali jibu lolote. Mtu wa getini ndiye anayejua ratiba ya siku kuliko bango lolote.

Asiye Mkristo anaingia. Sijaona jirani yangu wa Kiislamu akirudishwa. Mwanamke mwenye buibui na hijabu abaki nazo, hakuna anayemwomba azivue. Mwanamume mwenye kapelo aivue, hiyo ni adabu ya kanisani. Mzee mwenye kofia ya kiua na kanzu asiwe na wasiwasi. Amweleze mwenyeji kwamba ni vazi lake la ibada, waelewane kwa heshima. Watu wazima huelewana.

Hutaombwa utoe shahada ya imani. Unaombwa utulivu tu.

Hatua ya 5: Ingia, kaa chini, usifanye lolote

Ukivuka mlango, macho yatataka kwenda kila mahali. Yazuie. Nenda kwenye benchi la nyuma, kaa, hesabu pumzi ishirini. Kwanza utahisi baridi shingoni, pale kola ilipokuwa imelowa jasho. Kisha kelele za barabarani zitashuka, honi zitakuwa kama ziko mtaa wa tatu. Baada ya hapo macho yatazoea mwanga wa ndani, na vitu ambavyo hukuviona ulipoingia vitaanza kujitokeza kimoja kimoja.

Mpwa wangu mkubwa, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, alikaa hivi kisha akaninong'oneza: "Mbona humu mtu anasikia viatu vyake?" Ndivyo. Tembea kwa unyayo mzima.

Ukimkuta mtu amepiga goti anasali, keti mbali naye na usipite mbele yake. Huyo amekuja na mzigo wake. Kanisa ni lake kwanza, halafu lako wewe mgeni.

Hatua ya 6: Tembea kutoka nyuma hadi mbele

Usiende moja kwa moja madhabahuni. Fuata njia anayoifuata Mkristo maishani.

Anzia kwenye birika la ubatizo. Hapo ndipo mtoto anapopewa jina. Kisha pita katikati ya mabenchi taratibu, ukitazama kuta za pande zote mbili. Mbele utakuta mimbari, mahali pa mahubiri, na zaidi mbele madhabahu. Usivuke uzio au ngazi za madhabahu bila kuruhusiwa, hata kama hakuna anayekutazama.

Tafuta kiti cha askofu. Hiki ndicho kinachofanya kanisa liitwe kanisa kuu. Watu hudhani ni ukubwa wa jengo. La: kanisa dogo lenye kiti cha askofu ni kanisa kuu, na kanisa kubwa lisilo nacho ni kanisa tu. Dayosisi ya Mombasa ilianza 1898, eneo kubwa lililokuwa chini ya askofu mmoja lilipogawanywa, Uganda ikabaki upande wake na Mombasa upande wake. Peel akaja kuwa askofu wa kwanza mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye ndipo jengo hili likasimama.

Hatua ya 7: Soma majina

Toa ile karatasi yako. Linaitwa la Ukumbusho kwa sababu lilijengwa kuwakumbuka watu, na mkuu wao ni Hannington.

Wageni wengi hupita kwenye vibao vya ukumbusho kama wanavyopita kwenye matangazo ya ukutani. Simama. Soma jina, soma mwaka, halafu hesabu umri. Hannington alizaliwa 1847, akauawa tarehe 29 Oktoba 1885. Miaka thelathini na minane. Alikuwa amefika Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa upande wa Kisauni, Januari ya mwaka huo huo, akiwa askofu mpya wa eneo lililotoka bahari hii hadi Ziwa Victoria. Julai akaondoka Rabai na msafara wake, akapita nchi ya Wamaasai, kwa sababu njia hiyo ilikuwa fupi. Hakujua, au hakutilia maanani, kwamba kwa Kabaka Mwanga wa Buganda mgeni anayetokea mashariki kupitia Busoga alikuwa ameingilia mlango wa nyuma. Alikamatwa Busoga, akafungiwa siku nane, akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Ninaposimulia hapo huwaomba wageni wasimsahau mwingine: William Jones. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa India, akarudi pwani hii kufanya kazi ya kanisa. Hannington alimpa ushemasi Mei 1885. Safarini aliachwa na sehemu kubwa ya msafara pale Kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, askofu akatangulia na watu kama hamsini. Jones akangoja. Siku zikapita, habari za kifo zikamfikia, ndipo akaukusanya msafara akaurudisha pwani. Walipoingia Rabai Februari 1886, mbele yao ilibebwa bendera ya buluu, rangi ya msiba, na juu yake limeshonwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi. Anayejua Kitabu cha Samweli anajua maana yake, utukufu umeondoka.

Hebu fikiria mkono uliokaa njiani, porini, ukishona herufi zile. Kila nikifika hapa sauti hunikauka kidogo.

Parker ndiye aliyemfuata Hannington katika uaskofu. Aliwekwa wakfu 1886, akafa kwa homa Machi 1888 huko Usambiro, kusini ya Ziwa Victoria. Maaskofu wawili, miaka mitatu.

Sasa tahadhari za hatua hii, kwa sababu makosa haya nayasikia kila mwaka, mengine kutoka kwa watu wanaojiita waelekezi:

"Hannington amezikwa hapa." Hapana. Mifupa yake iko Namirembe, Kampala. Hapa ni ukumbusho.

"Zamani lilikuwa msikiti, likageuzwa." Hapana. Lilijengwa kanisa tangu jiwe la kwanza. Ukirudia uongo huu mbele ya watu unaweza kuzua uchungu usiokuwapo.

"Lilijengwa na Wareno." Hapana. Vasco da Gama alifika Mombasa 1498, na Wareno wakaanza Fort Jesus 1593. Kanisa hili ni la 1905.

"Ndilo kanisa la kwanza Mombasa." Hapana tena. Watawa wa Mtakatifu Augustino walikuwa na makao yao hapa kisiwani zama za Wareno, na 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyekuwa amelelewa Goa na kubatizwa jina la Jerónimo, alipowageukia Wareno, Wakristo wengi waliuawa. Na miaka sitini kabla ya kanisa hili, mwaka 1844, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Julai ya mwaka huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Kaburi lipo hadi leo.

Hatua ya 8: Picha

Omba. Hata kama umemwona mwingine akipiga, omba. Ukiruhusiwa: usitumie mwako wa kamera (flash), usipige watu wanaosali, usipande juu ya benchi, usijipige picha umeegemea madhabahu. Vibao vya ukumbusho vipige kwa ubavu kidogo, si uso kwa uso, herufi zitasomeka vizuri zaidi kwa sababu ya kivuli.

Ukitoka nje, jihadhari na kamera yako upande wa Treasury Square. Kuna ofisi za serikali na askari. Usiwapige picha, hata kama jengo lililo nyuma yao ni zuri, na majengo ya pale ni mazuri kweli.

Hatua ya 9: Sadaka na kuaga

Si jumba la makumbusho, kwa hiyo usitafute dirisha la tiketi. Weka sadaka kwenye sanduku, kiasi chochote cha moyo wako. Jengo la zaidi ya karne moja karibu na bahari linaliwa na chumvi kila siku, na rangi haijinunui. Kama mtu wa kanisa amekupa muda wake kukueleza, mshukuru kwa mdomo kwanza. Ukitaka kumpa cha soda, mpe kimya kimya, usimpungie noti mbele za watu.

Aga getini. "Tumeona, tumeshukuru, tutarudi."

Hatua ya 10: Ukiwa bado una nguvu

Tembea hadi Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, dakika chache kwa miguu. Utaona tofauti bila kuelezwa: hili lina sura ya Ulaya, lile ulilotoka lina sura ya pwani, na yote mawili yako barabara moja. Adabu ni zile zile, ila hapa utaona waumini wakichovya vidole kwenye maji ya baraka na kupiga goti kuelekea tabenakulo, kisanduku kinachohifadhi ekaristi. Wewe si lazima. Pisha tu njia.

Baada ya hapo tafuta cha kunywa. Maji ya miwa yaliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, au dafu, kisha viazi karai na chatini ya ukwaju. Kaa chini ule. Fort Jesus iko mwisho wa barabara, ina kiingilio chake na inataka nusu siku, kwa hiyo mimi huipangia siku nyingine.

Ukiwa na siku ya pili, fuata habari ya Jones na Hannington ng'ambo: Kengeleni, Kisauni, palipopata jina kutokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Husimuliwa kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Maelfu hushuka matatu pale kila siku wakilitaja jina bila kuiangalia kengele. Halafu Rabai, kwenye makavazi ya Krapf. Ukimaliza Rabai utakuwa umeuona mwanzo wa safari ambayo mwisho wake uliusoma ukutani.

Ukikwama

*Nimekuta mlango umefungwa.* Usigonge kwa nguvu. Rudi getini uulize ofisi ya kanisa iko wapi. Mara nyingi funguo ziko kwa mtu aliye karibu.

*Ibada imeanza nikiwa ndani.* Una njia mbili. Kaa benchi la nyuma hadi mwisho, au toka mara moja kabla haijachanganya. Usibaki umesimama ubavuni ukitazama.

*Tuktuk imenipeleka la Wakatoliki.* Hakuna hasara. Anza na hilo, kisha utembee hadi la pili. Soma hatua ya 10 kabla ya hatua ya 3.

*Mtu ananifuata anasema lazima nimlipe anielekeze.* Mwambie kwa upole, "Asante kaka, tuna mwenyeji wetu," uendelee hadi getini. Anayehusika na kanisa utamkuta ndani ya geti, si nje akikukimbilia.

*Nina mzee asiyeweza ngazi, au mtu wa kiti cha magurudumu.* Tangulia peke yako uulize mlango ulio rahisi, mwenzako akisubiri kivulini. Usimwachie agundue ngazi akiwa ameshafika.

*Watoto wamechoka kabla ya hatua ya saba.* Wape kazi. Mmoja ahesabu matao, mwingine atafute jina lililoanza na herufi ya jina lake. Wakishindwa kabisa, watoe nje wanywe maji. Usiwagombeze ndani, sauti yako itapanda hadi kwenye kuba na kila mtu ataisikia.

*Nimekatazwa picha na mwenzangu jana aliruhusiwa.* Ndivyo ilivyo, pengine kuna msiba leo. Chukua kalamu unakili maneno ya ubao kwenye ile karatasi yako ya majina manne. Mpwa wangu yule alinakili kibao kizima kwa penseli, akakosea herufi mbili, na karatasi ile bado imebandikwa juu ya kitanda chake.